Mkengeuko

Miezi kumi na minne ililala kwenye chelezo,
omo kaskazini mashariki, tezi kwenye ghala la rangi,
meli namba mia sita na kumi na nne,
jina bado, hati bado,
na theluji ya Rauma ikimwagika ndani yake
kama unga kwenye karai.

Mimi ni fundi umeme. Nimevuta nyaya tumboni mwake
mpaka viganja vikanuka plastiki hata siku ya Krismasi.
Niulize rada zote mbili, ya karibu na ya mbali;
niulize dira ya jairo, inayozunguka kwenye chumba chake cha baridi
bila kumwomba mtu amwonyeshe kaskazini;
niulize skrini saba, ramani zinazojisahihisha usiku,
kinasa sauti kisichozama, antena
zinazoongea na satelaiti kwa namba tupu.
Kila fyuzi naijua kwa jina la utani.

Siku ya majaribio, alfajiri, akaja gatini
Aulikki Haapakoski, miaka sitini na mitatu,
kofia ya sufu imeshuka hadi masikioni,
mkononi kisanduku cha mbao kama cha mshona viatu.
Nilidhani amebeba chakula.
Mlikuwa na vijiti vya sumaku,
ncha moja nyekundu, ncha ya pili buluu.

"Dira yenu iko wapi?"
Nikamwonyesha skrini.
"Hiyo kazi yako. Nataka ile isiyokula umeme."

Ilikuwa juu ya paa la daraja, upepo unaipiga,
bakuli la shaba lenye spiriti na kadi inayoelea.
Nimeipita mara mia nikienda kwenye antena zangu.
Sheria inaitaka. Zaidi ya sheria, hakuna aliyeitaka.

Tulipofika penye nafasi akaanza kuigeuza meli
kama mtu anavyomgeuza mtoto akitafuta panapouma:
kaskazini, tulia. Mashariki, tulia.
Kila upande alichungulia mnara wa taa wa Kylmäpihlaja
kwenye upenyo mwembamba, akaandika kwa penseli,
akapiga magoti, akasukuma kijiti sentimita mbili.
Akakirudisha moja.
Eemeli, kwenye usukani, akaanza kupiga miayo.
Mpishi akatuma mtu aulize kama tumepotea.

"Mbona inadanganya," nikasema, "na bado ni mpya?"
"Haidanganyi. Inakumbuka."
Akaigonga sitaha kwa kisigino.
"Chuma ukilazavyo ndivyo kikumbukavyo.
Mwaka na zaidi kimeelekezwa upande mmoja,
kinagongwa, kinachomelewa, kinagongwa tena.
Kila nyundo ilikikaririsha mahali pale pale.
Mimi napunguza tu. Kufuta siwezi."

Nikashuka kuzikagua skrini, maana ndiyo ajira yangu.
Zilijua tulipo, hazikosei mita tatu.
Tulikotoka hazikujua.

Saa kumi jioni akatoa kadi, pande nane, mwandiko wa shule.
Nyingi ziliandikwa sifuri, au nusu isiyo na neno.
Kwenye kaskazini mashariki akakaza penseli:
digrii moja na nusu, kwa mashariki.
"Hii imegoma," akasema, akaibandika kwa gundi ya karatasi
chini ya skrini ya bei kubwa kuliko zote,
akafunga kisanduku, akaomba kahawa.

Nyumbani Tellervo alikuwa mezani,
mguu juu ya kiti, barafu ndani ya taulo.
Yeye alichomelea mabamba ya omo, baridi nzima,
mpaka goti likasema basi, na kiwanda nacho kikasema basi.
Viazi vilikuwa vimeshapoa.
Sikuwa nimevua hata koti.

"Imekengeuka kiasi gani?"
"Moja na nusu."
"Wapi?"
"Pale ilipolala."

Akacheka mpaka taulo likaanguka,
barafu ikatawanyika sakafuni, paka akaikimbiza.
"Hiyo ni yangu," akasema.
"Asiiguse mtu."